Jacquard: Mfuma Hariri Aliyetangulia Kuchora Dirisha

Ukikaa karibu na wanafunzi wenzetu wa kompyuta, hasa ule msimu wa miradi ya mwaka wa mwisho, utawasikia wakibishana jambo ambalo kwa mtu wa nje ni kama ugomvi wa bure. Dirisha la programu lijengweje? Kundi la kwanza linasema dirisha liandikwe kwenye faili lake peke yake: hapa kitufe, hapa kisanduku cha kuandikia, hapa orodha, rangi hii, upana huu, basi. Fremuweki italisoma faili hilo na kujenga yenyewe. Hii ndiyo njia ya kutangaza. Kundi la pili linasema hapana, dirisha lijengwe na programu yenyewe wakati inafanya kazi, amri baada ya amri: unda kitufe, kiweke hapa, kipe jina, kiunganishe na kazi yake. Hii ndiyo njia ya kujenga papo kwa papo.

Mimi nasomea mambo hayo hayo hapa Manchester, na ubishi huu nimeusikia hadi usiku wa manane. Sasa badala ya kuwaletea hoja kavu kavu, nimeona niwasimulie maisha ya mzee mmoja ambaye hakuwahi kuona kompyuta, wala umeme wa kuwasha taa. Alikuwa mfuma vitambaa. Lakini ukiyafuata maisha yake vizuri utaona kwamba ubishi wetu huu yeye aliukuta karakanani, akaufanyia kazi, na watu wakamchukia kwa sababu yake.

Jina lake ni Joseph Marie Jacquard. Alizaliwa tarehe 7 Julai 1752 katika mji wa Lyon, Ufaransa. Lyon wakati ule ulikuwa mji wa hariri. Nguo walizovaa wafalme na maaskofu wa Ulaya, mapazia ya majumba yao, vitambaa vya viti vyao, vingi vilitoka pale. Baba yake alikuwa fundi mfumaji mwenye vitanda vyake mwenyewe. Mama alifariki mtoto akiwa na miaka kumi. Shule hakuipata: mpaka anafika miaka 13 hakujua kusoma, na aliyekuja kumfundisha ni shemeji yake, mtu wa kupiga chapa na kuuza vitabu.

Alijaribu kumsaidia baba yake kwenye kitanda cha mfumi, lakini kazi ilikuwa ngumu mno kwake. Akapelekwa kwa mjalidi wa vitabu, kisha kwa fundi wa kutengeneza herufi za chapa. Napenda msomaji ulikumbuke hilo la herufi. Anayepanga herufi za chapa anajifunza jambo moja kubwa: ukishapanga ukurasa mara moja, unaweza kuutoa mara elfu bila kufikiri tena.

Baba alifariki mwaka 1772, na kijana akarithi nyumba, karakana, vitanda, hata shamba la mizabibu na machimbo ya mawe. Mwaka 1778 akamwoa Claudine Boichon, mwanamke mjane, na mwaka uliofuata wakapata mtoto wa kiume, Jean-Marie. Lakini biashara haikumwendea vizuri. Urithi ukayeyuka, madeni yakapanda, na mtu aliyeanza na karakana yake akajikuta hana kitu. Kisha yakaja Mapinduzi ya Ufaransa. Mwaka 1793 Lyon uliasi na kuzingirwa na majeshi ya serikali ya mapinduzi. Jacquard na mwanawe walikuwa upande wa watetezi wa mji. Mji ulipoanguka walikimbia, wakaingia jeshini, na huko vitani yule mtoto akauawa. Mzee akarudi Lyon peke yake, umri umeshapita miaka arobaini, hana mali, hana mrithi.

Hapo ndipo kazi yake yenyewe inaanza. Sasa hebu niwaeleze kitanda cha mfumi kilivyokuwa, maana bila hilo hatutaelewana.

Kitambaa kina nyuzi za namna mbili. Kuna mtande, nyuzi zinazokwenda urefu, zimekazwa kitandani. Kuna mshindio, uzi unaopitishwa kwa upana, huku na huku. Kitambaa cheupe kisicho na nakshi ni rahisi: inua nyuzi moja moja za mtande kwa kupokezana, pitisha mshindio, rudia. Lakini ukitaka ua, ndege au jina la mfalme ndani ya kitambaa, kila safari ya mshindio inataka kundi lake la nyuzi za mtande liinuliwe, na kundi hilo linabadilika safari hadi safari. Nyuzi zenyewe ni kwa mamia na maelfu.

Nani anaziinua? Kwenye vitanda vya zamani vya nakshi palikuwa na mtu wa pili, mara nyingi kijana mdogo au mwanamke, kazi yake kuvuta kamba. Mfumaji anakaa mbele anapitisha mshindio. Msaidizi anavuta kamba za safari hii, anaachia, anavuta za safari inayofuata. Kutwa nzima. Mizigo ya kamba ilikuwa mizito na miili ya watoto wale iliharibika. Akikosea kamba moja, ua limepinda, na hariri ni ghali.

Mnaona? Hiyo ni njia ya kujenga papo kwa papo. Nakshi inatokea kwa sababu mtu yupo pale anatenda, amri baada ya amri, kila safari. Hata kwetu, anayesuka mkeka wa nakshi anafanya hivyo hivyo: ua liko kichwani na vidoleni mwake. Akikumbuka linatokea, akisahau halitokei, na akifariki bila kumfundisha mtu linazikwa naye.

Jacquard hakuwa wa kwanza kutafuta dawa. Mwaka 1725 Basile Bouchon, huko huko Lyon, alitumia ukanda wa karatasi yenye matundu kuchagua nyuzi. Mwaka 1728 Jean-Baptiste Falcon akaweka kadi badala ya ukanda, ila bado alihitajika mtu wa kuziendesha. Miaka ya 1740 Jacques de Vaucanson, mtengenezaji mashuhuri wa vinyago vya kujiendesha, akaupandisha mtambo mzima juu ya kitanda ili ufanye kazi bila msaidizi. Lakini mtambo wake haukuenea, na ukabaki makumbusho.

Jacquard alianza na mambo madogo. Mwaka 1801 alionyesha kitanda chake kilichoboreshwa katika maonyesho ya viwanda mjini Paris, akapata nishani ya shaba. Akatengeneza pia mtambo wa kufuma nyavu za uvuvi. Hilo lilimfungulia mlango wa Conservatoire des Arts et Métiers, taasisi ya ufundi ya Paris, na kule ndiko alikokutana na mtambo wa Vaucanson. Akautazama, akaunganisha wazo la Vaucanson na kadi za Falcon, na mwaka 1804 akatoa mtambo unaobeba jina lake mpaka leo.

Unafanya kazi hivi. Juu ya kitanda kuna mche wa pande nne wenye vitundu. Kadi nene za karatasi zimeshonwa pamoja kama mnyororo na zinapita juu ya mche huo, kadi moja kwa safari moja ya mshindio. Mfumaji akikanyaga, mche unaisukuma kadi kwenye safu ya sindano. Sindano inayokutana na tundu inapenya, na kulabu yake inabaki mahali pake; upau ukipanda, unaibeba kulabu hiyo pamoja na nyuzi zake. Sindano inayokutana na karatasi isiyotobolewa inasukumwa nyuma, kulabu inaukwepa upau, uzi unabaki chini. Tundu, inuka. Hakuna tundu, kaa. Basi, hakuna zaidi ya hapo.

Ukitaka nakshi nyingine, kitanda hukigusi. Unatoa mnyororo wa kadi, unaweka mwingine.

Huu ndio moyo wa habari yangu. Kabla ya hapo nakshi ilikuwa kitendo. Baada ya hapo nakshi ikawa kitu: unakishika mkononi, unakiweka kabatini, unampa jirani, unakirudisha baada ya miaka ishirini na ua linatoka lile lile. Kazi nayo ikagawanyika. Mchoraji anachora ua kwenye karatasi ya miraba. Mtoboaji anaisoma miraba na kutoboa kadi. Mfumaji anakanyaga. Mchoraji hahitaji kujua kukanyaga, wala mfumaji hahitaji kujua kuchora.

Sasa mchukue Jacquard umlete kwenye kompyuta. Mwaka 2006 Microsoft walitoa fremuweki ya WPF pamoja na lugha ya XAML, ambayo dirisha zima linaandikwa kama maelezo, mbali na msimbo wa kazi. Wenzao wa Qt walikuwa tayari na mafaili ya mwonekano yanayochorwa kwa Qt Designer, na watu wa GTK walikuwa na Glade. Majina mengi, wazo moja: mwonekano uwe kitu, usiwe kitendo. Mwenye jicho la rangi na mpangilio alitengeneze dirisha bila kuomba ruhusa ya mwenye kuandika msimbo.

Tunarudi Lyon. Aprili 1805 Mfalme Napoleon alifika mjini na kuuona mtambo. Haki za uvumbuzi zikapewa mji wa Lyon, na Jacquard akapewa pensheni ya faranga 3,000 kwa mwaka maisha yake yote, pamoja na faranga 50 kwa kila mtambo utakaouzwa na kutumika ndani ya miaka michache iliyofuata. Kwa mtu aliyepoteza kila kitu, ilikuwa ahueni kubwa.

Lakini wafumaji hawakushangilia. Wao waliona jambo lililo wazi: kitanda kinachohitaji watu wachache kinaacha watu bila chakula. Wakampinga kwa ukali. Inasimuliwa kwamba mtambo wake ulivunjwa hadharani na kwamba yeye mwenyewe alitishiwa maisha. Mtambo wenyewe nao ulikuwa na kasoro zake mwanzoni, mafundi wengine wakaurekebisha, hasa Jean-Antoine Breton. Pamoja na hayo, kufikia mwaka 1812 palikuwa na mitambo 11,000 hivi nchini Ufaransa. Faida ilishinda hasira.

Hapa naomba tuwe waadilifu. Ni rahisi kusema wafumaji wale walikuwa wajinga wanaoogopa maendeleo. Sivyo. Wafumaji wa Lyon waliinuka mara mbili, Novemba 1831 na tena Aprili 1834, na mara zote serikali iliwatuma wanajeshi. Wakati huo mitambo ya Jacquard ilishakuwa ya kawaida, walikuwa wanaitumia wenyewe. Kilichowaudhi mwaka 1831 kilikuwa bei: matajiri wa hariri waliwalipa kidogo kwa kila kipande na wakakataa kiwango kilichokubaliwa. Yaani swali lao halikuwa mashine ni nzuri au mbaya. Swali lilikuwa, mashine ikirahisisha kazi, nafuu ile inaingia mfuko wa nani?

Jacquard mwenyewe alifariki tarehe 7 Agosti 1834 huko Oullins, karibu na Lyon, miezi minne tu baada ya damu ya Aprili. Alikuwa na miaka 82, ana nishani ya taifa aliyopewa mwaka 1819, na mji uliomchukia ukamsimamishia sanamu mwaka 1840.

Mwaka 1839 wafumaji wa Lyon walitoa picha yake iliyofumwa kwa hariri, na ukiitazama unadhani imechorwa kwa kalamu. Picha hiyo moja ilihitaji kadi 24,000. Mwingereza Charles Babbage alijipatia nakala. Babbage ndiye aliyekuwa akibuni mashine yake kubwa ya kukokotoa, na aliamua iendeshwe kwa kadi za matundu kwa mfano wa Jacquard. Ada Lovelace akaandika maelezo yake juu ya mashine hiyo mwaka 1843. Kisha Herman Hollerith akatumia kadi za matundu katika sensa ya Marekani ya mwaka 1890, na kampuni yake ni mojawapo ya zile zilizoungana zikaja kuwa IBM. Kutoka kitanda cha mfumi mpaka kompyuta, njia ni hiyo.

Walio huku kaskazini mwa Uingereza nawashauri wapande treni mpaka Macclesfield. Katika kiwanda cha zamani cha Paradise Mill kuna vitanda 26 vya mkono vyenye mitambo ya Jacquard. Mimi nilikwenda. Nilichokitazama zaidi hakikuwa kitambaa, bali ile minyororo ya kadi inayoning'inia, nikawa najiuliza nani ameshinda, kundi la kutangaza au kundi la papo kwa papo.

Jibu langu ni hili. Kadi ina mipaka yake. Kadi haiulizi. Haijui kama hali ya hewa imebadilika, wala kama mteja ni mmoja au elfu. Ukiwa na programu ya zahanati, na leo wagonjwa kwenye orodha ni watatu na kesho mia tatu, hutaandika vitufe mia tatu kwa mkono kwenye faili. Hapo watu wa papo kwa papo wanacheka na kusema, si tuliwaambia?

Lakini Jacquard ana jibu hata hapo. Kulabu moja katika mtambo wake inaweza kufungwa nyuzi kadhaa, hivi kwamba ua lililotobolewa mara moja linatokea mara nne, mara sita, mara nane kwa upana wa kitambaa. Na mnyororo wa kadi ukiunganishwa mwisho na mwanzo, ua linarudi bila kikomo kwa urefu. Unatangaza ua moja, kitambaa kinaamua yawe mangapi. WPF nayo hufanya hivyo: unaandika kiolezo cha mgonjwa mmoja, unakifunga kwenye orodha, na fremuweki inakirudia kwa idadi ya waliomo. Kinachobaki kwa msimbo wa papo kwa papo ni yale yasiyotabirika kabisa, mfano fomu ambayo maswali yake mtumiaji mwenyewe anayatunga. Hapo usione aibu, jenga kwa amri.

Kadi ina ubaya wa pili. Tundu likitobolewa pasipo pake, mtambo haulalamiki. Unafuma tu, na kosa unaliona kwenye hariri. Ndivyo ilivyo WPF: ukikosea jina la kitu unachokifunga kwenye dirisha, programu mara nyingi haianguki, sehemu ile inabaki tupu tu, na wewe unakodoa macho. Wanaopenda msimbo wana haki kusema kwamba msimbo ukikosewa jina hupiga kelele mapema.

Hata hivyo, mimi nimechagua upande, na sababu yangu haihusu kasi wala urembo. Inahusu lugha yetu.

Mwaka 2004 wenzetu wa mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Wangewezaje? Wangewezaje watu walioko Dar kuibadilisha programu kubwa hivyo iliyoandikwa mbali, na watu wasiowajua? Waliweza kwa sababu maneno yanayoonekana kwenye menyu na vitufe yalikuwa yamewekwa kando, kwenye mafaili yake, hayakufukiwa ndani ya msimbo. Mtafsiri aliyejua Kiswahili alifanya kazi ya mtoboa kadi. Mtambo haukuguswa. Kama kila neno lingekuwa limezikwa katika amri za kuunda vitufe, mtafsiri angekuwa omba omba mlangoni kwa mwandishi wa programu.

Hilo ndilo ninalolitetea nikikaa na wenzangu usiku. Maneno yanaweza kutolewa nje ya msimbo hata kama dirisha limejengwa kwa amri, hilo ni kweli. Lakini neno la Kiswahili mara nyingi ni refu kuliko la Kiingereza, na kitufe kinataka kupanuka. Wenzetu wa Muscat wakitaka Kiarabu, dirisha zima linatakiwa lianzie kulia. Mwonekano ukiwa kitu kilichotangazwa, mambo hayo anaweza kuyagusa mtu wa Zanzibar au Bujumbura ambaye hajawahi kuandika msimbo. Ukiwa kitendo kilichofichwa, ni mwandishi peke yake mwenye ufunguo.

Na kwa wale wenye hofu kwamba siku hizi mashine zinaandika msimbo zenyewe, na kwamba shahada tuliyoifuata mbali hivi itakuwa bure: hofu hiyo wala msiione haya, wafumaji wa Lyon walikuwa nayo na hawakuwa wajinga. Kijana wa kuvuta kamba alipoteza kazi, kweli. Mchoraji na mtoboa kadi walizidi kutafutwa, kweli vilevile. Lakini kumbukeni swali la mwaka 1831, maana Jacquard na kadi zake hawakulijibu, na hakuna fremuweki itakayolijibu. Hilo ni letu. Anayeingia kazini mwaka huu, Nairobi, Kampala, Dubai au London, aulize mapema nakshi ni ya nani, na nani analipwa kila inapofumwa.